Ukiacha Kimoja, Weka Kingine

Lutuku, kibe, makayabu, sikre na mahindi ya ukungu: vitu vyenye mukulima anaweza kuweka chini kwa ajili ya afya, na vile koperative inaweza kumusaidia



Siku moja kituo cha afya kilituma watu wa kupima tansio mu mukutano wa koperative, ku barabara ya Kasenga. Mimi njo nilisimama mbele kuita majina. Kazi yangu iko ile: kutembea mu makoperative, kuonyesha namna ya kupanda kwa mistari na namna ya kukausha mahindi, kisha kuandika mu gazeti hili. Ba mama walipita, ba papa walipita. Wakati watu waliisha, mama muganga akanitazama: «Na weye papa, leta mukono.» Nilileta mukono nikicheka. Mashine ikaandika 165 juu na 102 chini.

Mama muganga hakucheka. Alinikalisha kidogo, akapima tena. Ilikuwa karibu vile vile. Akaniambia: kama mashine inaonyesha 140 juu ao 90 chini, ao kupita pale, na siku ingine tena inaonyesha vile, mutu yule iko na tansio, hata kama kichwa hakimuumi. Nikamujibu kama mimi sisikii kitu. Akasema njo ubaya wa tansio, haipigi hodi. Siku yenye inaingia, mukono na muguu vinakufa upande mumoja, na jembe linabaki ku ukuta.

Kisha akaniuliza ninakula nini. Nilisema kweli: bukari na sombe, maharagi na makayabu, tomson ya kukaanga, kibe mbili mu kila nyungu. Asubui chai na vijiko vine vya sukari. Saa ya jua kali, sikre ya baridi. Siku ya mushahara, Simba mbili ao tatu. Yeye akahesabu mambo ya kuacha ku vidole, na mukono mumoja ukajaa. Nikarudi ku nyumba na «acha» tano. Bibi yangu aliposikia, aliuliza swali moja tu: «Sasa utakula nini?»

Swali lile njo habari hii. Tangu siku ile ninatembea nalo mu makoperative, na nimeona jambo moja. Mutu mwenye anaacha kitu na kubaki na nafasi tupu, anakirudilia. Mutu mwenye anaacha kitu na kuweka kingine pa nafasi yake, anadumu. Na sisi wakulima tuko na bahati, juu vitu vingi vya kuweka pa nafasi ile vinatoka mu mashamba yetu wenyewe.

CHUMVI YENYE KUJIFICHA

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mutu mukubwa asipitishe gramu 5 za chumvi ku siku. Gramu 5 ni kijiko kimoja kidogo cha chai. Ndani yake inahesabiwa chumvi yote ya siku nzima: ya nyungu, ya mukate, ya samaki, ya kibe.

Watu wengi wananiambia: «Mimi sitii chumvi mingi.» Hawasemi uongo. Chumvi yao inajificha. Kamata kartoni ya kibe, soma maandishi madogo ya nyuma: mara mingi chumvi njo inaandikwa ya kwanza. Mu kibe nyingi, karibu nusu ya uzito, ao kupita nusu, ni chumvi tupu. Kibe moja ya gramu 10 inaweza kuleta gramu 5, ni kusema sehemu ya siku nzima ya mutu mumoja. Sasa tazama nyungu zetu: kibe mbili, chumvi ya mukono juu yake, na mboga yenyewe iko na makayabu ndani. Fanya hesabu.

Ku nyumba yetu hatukuacha siku moja. Juma la kwanza bibi alitia kibe moja pa nafasi ya mbili. Juma la pili, nusu. Mwezi wa pili, hakuna. Pa nafasi yake aliweka vitunguu viwili vya kukaanga polepole mpaka vigeuke rangi, nyanya za kuiva vizuri, kitunguu saumu, pilipili, na karanga za kutwanga mu sombe. Ndimu ilitusaidia kuliko vyote: ukiikamulia juu ya samaki ao lenga-lenga saa ya kula, ulimi hauulizi chumvi tena. Siku za kwanza watoto walilalamika kama mboga imekuwa ya mugonjwa. Kisha majuma machache tulienda ku matanga mu Katuba, tukakula mboga ya pale, na usiku mzima tulikunywa maji. Ulimi ulikuwa umejifunza.

Makayabu hatukuifukuza kabisa. Bibi anailoweka mu maji tangu jioni, anabadilisha maji mara mbili ao tatu, anaichemusha, anamwanga maji yale, na haongezi chumvi ingine. Tena tunaikula mara moja moja, hapana kila juma. Siku zingine ni samaki mubichi wa Kasenga wakati anapatikana, kapenta yenye haikutiwa chumvi, ao maharagi.

Angalisho moja: usiruke kutoka chumvi mingi kuenda ku bila chumvi kabisa, na usinunue chumvi ya bei ya chini yenye haina iode. Iode njo inazuia uvimbe wa shingo, na mama wa mimba anaihitaji kwa ajili ya akili ya mutoto. Chumvi ikuwe kidogo, lakini ikuwe yenye iode.

SUKARI YA MU CHUPA

Mu mwaka 2015 OMS iliandika kama sukari yenye tunaongeza mu vyakula na vinywaji isipite sehemu moja ku kumi ya nguvu ya chakula cha siku. Na kama mutu anaweza kufika ku nusu ya ile, ni muzuri zaidi: karibu gramu 25, ni kusema vijiko sita vidogo ku siku.

Mu sikre ya sentilita 33 munakuwa karibu gramu 35. Chupa moja tu, na siku yako imeisha kupita. Ukikunywa chupa moja kila siku, ku mwisho wa mwezi umekunywa zaidi ya kilo moja ya sukari. Hakuna mutu mwenye angekamata paketi ya kilo moja na kuilamba kwa kijiko mwezi mzima bila kuona haya. Lakini mu chupa ya baridi inapita kimya.

Ku upande wangu chai njo ilikuwa nguvu kuacha. Nilitoa kijiko kimoja, nikakaa majuma mawili. Nikatoa kingine. Leo niko ku kijiko kimoja, na ninatia tangawizi ao majani ya sitroneli, yenye inaota nyuma ya nyumba bila kuombwa. Saa ya jua kali ninabeba maji ya kuchemusha yenye ndimu mu shamba. Na tunda ulile lote lenyewe, usilikamue: embe, papayi, ndizi, masuku wakati wa musimu. Sukari ya tunda la kutafunwa inaingia mu mwili polepole kuliko ya maji ya tunda.

Kama unasikia kiu kisichoisha, unaenda kukojoa usiku mara mingi, unakonda bila sababu, ao kidonda hakiponi, usiseme ni uchawi wa jirani. Enda kupimisha sukari.

LUTUKU: NENO LENYEWE LA UZITO

Kuacha kibe kunaleta mabishano mu jikoni. Kuacha lutuku kunaleta mabishano mu koperative nzima, juu lutuku haiko kinywaji tu. Ni mahindi yetu, mihogo yetu, na pesa yetu.

Tena haiko jambo la jana. Mu mwaka 1919 serkali za Ulaya zilitia mukono ku mapatano ya Saint-Germain-en-Laye, yenye ilikataza kutengeneza pombe ya kutonesha mu sehemu kubwa ya Afrika, na Congo ya Wabeleji ilikuwa ndani. Karne moja imepita, lutuku ingali. Kukataza peke yake hakukumaliza kitu, juu nyuma ya pipa kuna mama, na nyuma ya mama kuna watoto wa masomo.

Niliona jambo lile kwa macho yangu. Mu koperative moja nilisimama kusema ubaya wa lutuku. Nilisema kama ini linaharibika, tansio inapanda, magonjwa ya kansa yanaongezeka, na kama mu mwezi wa kwanza wa 2023 OMS ilisema wazi kama hakuna kipimo cha pombe chenye mutu anaweza kuita salama kwa afya. Nilisema kama bia ya kiwanda imeandikwa nguvu yake ku chupa, lakini lutuku hakuna mwenye anaipima: leo inaungua kidogo, kesho inaungua sana. Nilisema juu ya mapipa yenye yalibeba mafuta ya motari ao dawa za kiwanda, na tiyo zenye kuungwa na risasi, sumu yenye inaingia mu ubongo wa mutu polepole.

Kisha mama mumoja akasimama. Hakupiga makelele. Alisema minervali ya watoto wake watatu inatoka mu pipa lile, na akauliza kama gazeti letu njo litaanza kulipa. Watu wote wakanyamaza. Na mimi pia.

Sikuwa na jibu siku ile. Nilirudi juma lenye kufuata na daftari, na mwenye kushika pesa wa koperative, tukakaa na ule mama chini ya muembe. Tukaandika yote: mahindi, bunga ya mihogo, kuni, siku za kungojea mpaka ichache, na madeni ya wanywaji wenye wanakunywa leo na kulipa «juma lenye kuya». Faida ilikuwa, lakini ndogo kuliko vile yeye mwenyewe alifikiri, juu mahindi ya shamba lake na kazi ya mikono yake hakuwa anavihesabu. Kisha tukaandika ku upande wa pili munkoyo, na karanga za kusaga.

Ninaandika vile iko: hakuacha lutuku siku ile. Alianza kupika munkoyo siku za soko tu, akaona inaisha mbele ya saa sita. Kisha akaongeza karanga za kusaga mu vikopo. Leo anatonesha lutuku mara moja moja, wakati pesa ya masomo inakawia. Hajamaliza safari, lakini pipa halilali tena ku moto kila juma. Kama tungemwambia «acha» tu, angekuwa angali pale pale, na sisi tungekuwa tumepoteza memba.

KWA MWENYE ANAKUNYWA

Mutu mwenye anakunywa siku moja moja anaweza kuacha leo jioni. Lakini mutu mwenye anakunywa lutuku kila siku, tangu asubui, kwa miaka, asikate gafula peke yake mu nyumba. Mwili wake umezoea. Mu siku mbili tatu za kwanza kisha kukata, anaweza kutetemeka, kuona vitu vyenye haviko, hata kuanguka kama mutu wa kifafa, na watu wengine wanakufa pale. Jamaa wanafikiri ni pepo, kumbe ni pombe yenye inatoka. Mupelekeni ku kituo cha afya mbele ya kuanza, ili waganga wamusaidie kushuka polepole. Na akiisha kuacha, musimucheke mu mukutano, na musimutume kuuza pombe ya matanga. Mupeni kazi ya kufungua gala asubui, saa ile ile yenye alikuwa anaenda kukunywa.

MUNKOYO: KIZURI, LAKINI KIKO NA MASHARTI

Munkoyo ba nkambo walituachia, na ba ndugu zetu wa Zambia wanaikunywa vile vile. Uji wa mahindi unapikwa, unaachwa upoe mpaka ukuwe vuguvugu, kisha mizizi ya munkoyo ya kutwanga inatiwa. Mizizi ile iko na nguvu ya kukata uji: unageuka mwepesi, na utamu kidogo unatokea wenyewe, bila sukari. Asubui unakunywa.

Masharti ni tatu. Ya kwanza: maji yachemuke, na vyombo vyote vikuwe safi, juu munkoyo ya maji machafu inaleta tumbo ku kartié nzima. Ya pili: ikunywewe mbichi. Ikikaa siku mbili ao tatu inachacha, na pombe inaanza kuingia. Ile haiko tena kinywaji cha mutoto. Ya tatu: usitie sukari ili iuzike. Wauzaji wengine wanatia, na pale umerudi mu sikre kwa mulango wa nyuma. Hata bila sukari ya kuongeza, mutu mwenye ugonjwa wa sukari aikunywe kidogo tu, na aulize muganga wake.

Na mwenye kuchimba mizizi mu pori asing'oe yote. Aache kipande mu udongo ili iote tena. Tukimaliza mizizi, tumemaliza soko.

MAHINDI YA UKUNGU: HAPA HAKUNA POLEPOLE

Mpaka hapa nimesema: punguza, badilisha, enda juma kwa juma. Lakini kuna kitu kimoja chenye hakina polepole. Ni mahindi na karanga zenye zimekamata ukungu, zile za kijani, nyeusi ao rangi ya waridi.

Tunajua sote vile tunafanya. Mahindi mazuri yanaenda ku soko ya Kenya ao Rwashi. Ya katikati tunakula. Yenye kuoza hatutupi, juu njaa inatufundisha kutotupa: tunapikia kibuku ao katubi, tunatonesha lutuku, ao tunapatia kuku. Karanga zenye kunyauka na kugeuka rangi tunasaga, juu zikisagwa hakuna mwenye anaona.

Mu ukungu ule kunaweza kuwa sumu yenye inaitwa aflatoksini. Haionekani na haina harufu. Moto wa jikoni hauiui: hata uchemushe bukari saa nzima, hata ukaange karanga, inabaki. Mu pombe ya kuchachusha inabaki, na mu makapi ya lutuku yenye tunapatia nguruwe na kuku inabaki pia. Ikiingia kidogo kidogo miaka mingi, inaleta kansa ya ini. Ikiingia mingi kwa mara moja, inaua. Mu mwaka 2004, inchini Kenya, zaidi mu sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waligonjwa juu ya mahindi yenye sumu hii, na 125 wakakufa. Walikuwa wakulima kama sisi, na mahindi mengi yalikuwa ya mashamba yao wenyewe, yenye yaliwekwa mu gala na maji ndani.

Kwa hivi, mahindi ya ukungu yasiende mu nyungu, mu pipa, wala ku kuku. Kuku nao wanadumaa na kufa. Yazike ao yachome, mbali na nyumba.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutupa. Vuna kwa wakati. Usianike mahindi ku udongo. Tandika shitingi ao jenga kitanda cha miti. Kabla ya kuyafunga mu mifuko, jaribu hivi:

Kamata chupa ya kioo ya sentilita 75, safi na kavu kabisa. Tia mahindi ya kupukuchua mpaka karibu nusu, kisha vijiko vikubwa vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Kama chumvi inashikamana ku ukuta wa chupa, mahindi yangali na maji. Rudisha ku jua. Kama chumvi inaanguka chini na chupa inabaki safi, maji yameshuka chini ya 15 ku 100. Unaweza kuyafunga, lakini kwa kuweka miezi mingi uongeze siku ya jua ingine, ufike ku 13.

Mwaka wenye Zambia inafunga mahindi yake na meka ya bunga inapanda bei mu Lubumbashi, kila mutu anatamani kuuza haraka, hata mahindi mabichi. Njo mwaka wa kuangalia zaidi. Mununuzi mwenye anakamata mufuko wa ukungu ku koperative yenu hatarudi, na atawaambia wengine.

VITU VYENYE USIACHE

Mu safari hii nimekutana pia na watu wenye waliacha vitu vyenye hawakupaswa kuacha.

Usiache dawa ya tansio juu mashine inaonyesha vizuri leo. Inaonyesha vizuri juu ya dawa. Mimi niliacha kibe, lakini kidonge changu ningali ninameza kila asubui, na ni muganga peke yake mwenye anaweza kusema kipunguzwe.

Usikataze mama wa mimba na watoto mayai, samaki na maharagi juu ya desturi. Chenye mama wa mimba anapaswa kuacha ni pemba, ule udongo mweupe wenye unauzwa mu soko. Unazuia mwili kukamata feri ya chakula, na mama anabaki bila damu, saa ile ile yenye anahitaji damu ya watu wawili. Pa nafasi yake: maharagi, lenga-lenga, kapenta, na tunda kali kama ndimu ao chungwa pamoja na chakula, juu linasaidia feri kuingia.

Na usiache mboga. OMS inaomba gramu 400 za mboga na matunda ku siku. Sombe, matembele, lenga-lenga, maboke: tuko navyo, na mara mingi tunauza vyote ku muji kisha tunanunua kibe na sikre na pesa ile. Kama bustani yako iko karibu na barabara ya makamioni ya mine ao karibu na izini, osha majani mara tatu mu maji safi mbele ya kupika, juu vumbi la chuma linakaa juu ya jani. Kama unatafuta nafasi mupya ya bustani, itafute mbali na pale.

KAZI YA KOPERATIVE

Mutu mumoja peke yake anaacha kwa shida. Kikundi kinaacha kwa urahisi zaidi. Makoperative yenye nimetembelea yanafanya mambo haya, na hakuna lenye linaomba pesa mingi:

Kuomba kituo cha afya kuja kupima tansio mara moja kila miezi mitatu, siku ya mukutano, mbele ya kugawa pesa, wakati watu wote wako.

Kuweka chupa ya jaribio la chumvi mu gala, na kutopokea mufuko wa mutu yeyote, hata wa prezida, mbele ya kuupima.

Kupika chakula cha mukutano bila kibe, na kuweka munkoyo mbichi ao maji ya ndimu pa nafasi ya kasia ya sikre na bia. Pesa yenye inabaki iandikwe mu daftari, watu waione.

Kukaa na ba mama wenye wanatonesha lutuku, kuandika hesabu pamoja nao, na kuwapatia nafasi ya kwanza ku mashine ya kusaga karanga ao ku mukopo wa mbegu. Musianze na kuwahukumu. Muanze na daftari.

Kulima vitunguu, vitunguu saumu, nyanya na ndimu ku kipande kimoja cha shamba la wote. Kila mwenye anaacha kibe mu muji ni mununuzi mupya wa vitunguu vyetu. Afya ya Lubumbashi na mufuko wa mukulima vinaweza kutembea njia moja.

Mwezi wenye umepita mama muganga alinipima tena: 136 juu, 84 chini. Alisema dawa imefanya sehemu, na nyungu ya bibi yangu imefanya sehemu. Simba ningali ninaiwaza siku ya mushahara, sitawadanganya. Siku zile ninanunua nusu mufuko wa karanga, ninabeba ku nyumba, na mikono inakuwa na kazi.

Mu mukutano wenu wenye kuya, ombeni kila memba aseme kitu kimoja chenye anaacha na kitu kimoja chenye anaweka pa nafasi yake. Mwenye kuandika mukutano aandike vyote viwili. Kama mutu anasema cha kwanza na hana cha pili, musimupigie mikono bado. Mukae naye, mumusaidie kukitafuta.